Mrefu Kuliko Wote: Kati ya Nani?

Diaca ni tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Mtoto wa huko aghalabu huamka na Kimakonde au Kimwani, husikia Kiswahili sokoni, na shuleni huandika Kireno. Kiingereza humkuta akiwa na lugha hizo zote kichwani, nacho hakimjii kwa mzaha. Msumbiji imezungukwa na nchi zitumiazo Kiingereza, tangu Tanzania hadi Afrika Kusini, na mwaka 1995 iliingia katika Jumuiya ya Madola ingawa haikupata kuwa koloni la Mwingereza. Aidha, tangu mapigano yalipozuka wilayani humo Oktoba 2017, wageni wameongezeka: askari wa Rwanda waliofika Julai 2021, majeshi ya nchi za SADC yaliyokuwapo jimboni tangu mwaka huo hadi 2024, pamoja na waganga na wagawaji wa misaada.

Basi na afikiriwe mama mwenye watoto watatu wenye homa, mbele ya mganga asiyejua ila Kiingereza. Wote watatu ni wagonjwa, lakini mmoja hali yake imezidi. Mama akisema "sick", amewataja wote. Akisema "the sickest" na kunyoosha kidole, mganga anajua aanze na nani. Herufi tatu mwishoni mwa neno zimefanya kazi kubwa.

Herufi hizo ndizo zinazomshinda mwanafunzi, na si kwa uzito wa akili. Kiswahili hakiongezi kitu mwishoni mwa sifa. Husemwa "Juma ni mrefu kuliko Ali," kisha "Juma ni mrefu kuliko wote". "Mrefu" halikubadilika, wala "kuliko" halikubadilika. Mwanafunzi akifuata njia hiyo ataandika "Juma is tall than all". Akiiacha na kushika ya Kireno, atakuta "mais alto" kwa aliyezidi mmoja, na "o mais alto" kwa aliyezidi wote, yaani "mais" ni lile lile. Hapo ndipo huzaliwa "the more tall". Na kwa kuwa Mreno husema "da turma", mwanafunzi humalizia kwa "of the class", hali Mwingereza husema "in the class". Kila kosa hapa lina mantiki yake. Mwalimu anayelicheka amepoteza nafasi ya kulieleza.

Desturi ya madarasa mengi ni kuandika ubaoni "tall, taller, tallest" na kuwaimbisha watoto mpaka kengele ilie. Wimbo hukaa kichwani, ila hauwafundishi lini kutumia kipi. Jambo linalopaswa kutangulia ni swali moja: kati ya nani? Sifa ya daraja ya juu haina maana pasipo kundi. Wakiwa wawili, Mwingereza husema "taller". Wakifika watatu na kuzidi, ndipo "tallest" lipate haki yake. Kiswahili hakijali hesabu hiyo, kwa hiyo ni lazima ifundishwe kwa macho.

Nyumbani yafaa dumu, ndoo na kikombe. Baba aliyerudi likizo aweza kuviweka mezani viwili kwanza, kisha akaongeza cha tatu, na mtoto abadilishe neno kila kundi linapobadilika. Mtoto aliyekwisha soma jiografia apewe milima. Binga, wenye mita 2,436, ni "the highest mountain in Mozambique". Kundi likipanuliwa kuwa Afrika, Binga hunyamaza na Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hushika nafasi. Likipanuliwa kuwa dunia nzima, Kilimanjaro nao huteremka mbele ya Everest. Mlima wowote haukuongezeka wala kupungua. Lililobadilika ni "in Mozambique", "in Africa", "in the world". Hapo mtoto huona pia kwamba mahali hutanguliwa na "in", ilhali watu au vitu vilivyohesabiwa hutanguliwa na "of": "the tallest of the three".

Mambo ya tahajia yaweza kufuata taratibu. Neno fupi huchukua "-est". Refu, kama "dangerous", hutanguliwa na "most", wala hayo mawili hayachanganywi. "Big" huongeza g ya pili ikawa "biggest", na "heavy" huacha y ikawa "heaviest". "Good" na "bad" hayafuati sheria: huwa "best" na "worst". Kwa haya mawili Kireno kinasaidia, maana nacho kina "melhor" na "pior" zisizofuata kanuni yake, na mtoto aliyezoea ukaidi huo haoni ajabu.

Lakini liko jozi moja ambalo vitabu hulipita upesi mno, nalo linazihusu nyumba za askari kuliko nyingine. "Late" lina vilele viwili, "latest" na "last". La kwanza ni lililokuja karibuni kupita yote, na mengine yaweza kufuata. La pili aghalabu hufunga mlango. Mreno ana neno moja tu, "último", kwa yote mawili, na Mswahili naye husema "barua ya mwisho" bila kubagua. Mke wa askari anayemweleza mgeni habari za mumewe aliye kazini, akisema "his last letter", huenda mgeni akainamisha kichwa na kumpa pole. Alichotaka kusema ni "his latest letter", ile iliyofika juma lililopita, na nyingine inatarajiwa mwisho wa mwezi.