Polio Eastleigh: maji taka yalisema kabla ya hospitali

Machi 2018, sampuli ya maji taka iliyochotwa Eastleigh, Nairobi, ilikutwa na virusi vya polio. Hakuna mtoto aliyekuwa amepooza mtaani. Taarifa ilitoka chooni.

Polio iko hivyo. Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, takriban mmoja tu ndiye anayepooza. Wengine wanakula, wanacheza, wanaenda shule, huku virusi vikitoka na choo chao kwa wiki kadhaa. Ukisubiri mtoto apooze ndipo uanze kutafuta, umeshachelewa.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mtu anaenda asubuhi mapema, vyoo vinapotumika sana, anachota kama lita moja, anaiweka kwenye kasha lenye barafu, inapelekwa maabara. Hakuna anayetolewa damu wala kuulizwa jina.

Kwa nini Eastleigh? Ni mtaa wa biashara wenye watu wengi wanaokwenda na kurudi Somalia, na vipimo vya vinasaba vilionyesha virusi hivyo vina undugu na vilivyokuwa vimeonekana Mogadishu. Vilikuwa vya ile aina inayotokana na chanjo ya matone: penye watoto wengi wasiochanjwa, virusi dhaifu vya chanjo huzunguka muda mrefu, hubadilika na kurudisha makali. Dawa yake, ajabu kidogo, ni kuchanja zaidi. Kenya ilichanja, na mwaka huo hakuna mtoto aliyeripotiwa kupoozwa na virusi hivyo nchini.

Gaza mambo yalikwenda vingine. Sampuli zilichotwa Juni 2024 huko Khan Younis na Deir al-Balah, majibu yakatoka Julai. Agosti ikathibitishwa kuwa mtoto wa miezi 10 amepooza. Kampeni ya chanjo ilianza Septemba, tena baada ya kukubaliana kwamba mapigano yasimame kwa saa kadhaa ili watoto wafikiwe. Maji taka yalikuwa yametoa onyo mapema. Ila maji taka hayachanji mtu.

Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Mbinu hii inaona vizuri penye bomba, na familia nyingi za Afrika Mashariki zinatumia choo cha shimo, ambacho hakimwagi popote. Unaweza kuchota kwenye mitaro ya wazi, sawa, lakini hapo ni vigumu kujua maji yametoka kwa nani, na mvua ikinyesha ndiyo basi, yanachujuka. Kwa hiyo ukisikia "hakuna virusi vilivyokutwa", uliza kwanza sampuli zilichotwa wapi.

Kijijini bado tunamtegemea mhudumu wa afya ya jamii, yule anayeambiwa na mama kwamba mguu wa mtoto umelegea ghafla tangu juzi, naye anapiga simu. Tukimpunguzia posho kwa hoja kwamba siku hizi kuna maabara, vijiji visivyo na bomba vitabaki bila jicho lolote.