Bei Kamili ya Pikipiki Iandikwe Kabla ya Dipoziti

Kijana wa Mwakirunge akiingia duka la pikipiki, swali la kwanza ni kama ana kitambulisho, na la pili ni kama ana dipoziti. Akijibu ndiyo mara mbili, jioni anarudi nyumbani na pikipiki mpya. Jambo ambalo haambiwi ni jumla ya pesa atakazokuwa amelipa siku deni litakapokwisha. Msimamo wetu ni kwamba jumla hiyo iandikwe, kwa shilingi, kabla mteja hajatoa senti yake ya kwanza.

Hatuandiki haya kupinga mikopo ya pikipiki. Mwakirunge bila bodaboda haiendi. Wadi hii ya Mombasa iko pembezoni mwa Kisauni, mpakani na Kilifi, na mjini inatajwa zaidi kwa sababu ya jaa la taka, hasa tangu jaa la Kibarani lifungwe mwaka wa 2018. Lakini kuna wakulima hapa, kuna shule, kuna wajawazito wanaohitaji kufika kliniki usiku. Matatu haziingii kila njia. Mwanafunzi, gunia la mahindi na mtungi wa maji hupanda boda hadi Utange, Kiembeni au Bamburi. Kijana anayenunua pikipiki anajipatia kazi, na anawapatia majirani usafiri.

Wala hatushangai kwamba anaiendea kampuni ya mikopo badala ya benki. Benki inataka dhamana, na watu wengi wa Kisauni wanaishi kwenye ardhi walikozaliwa lakini hawana hatimiliki yake. Kampuni za mikopo ya pikipiki ziliona pengo hilo mapema. Watu Credit, ambayo sasa imeenea nchi kadhaa za Afrika, ilianzia hapa Mombasa mwaka wa 2015. Kampuni hizi zilimkubali kijana asiye na shamba wala hati ya mshahara, zikaifanya pikipiki yenyewe kuwa dhamana. Hilo lilikuwa jambo jema na tunalikubali. Tatizo ni bei ya mkopo huo, na jinsi bei hiyo inavyofichwa ndani ya malipo madogo ya kila siku.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme pikipiki inauzwa Sh180,000 taslimu. Mteja anatoa dipoziti ya Sh30,000, kisha analipa Sh480 kila siku kwa miezi 18. Sh480 inasikika kama pesa ya abiria watano au sita, na ndivyo inavyotangazwa. Lakini kwa siku 540 ni Sh259,200. Ukijumlisha dipoziti, pikipiki ya Sh180,000 imenunuliwa kwa Sh289,200. Zimeongezeka Sh109,200 juu ya mkopo wa Sh150,000, na hapo hatujahesabu bima, ada ya kuandika mkopo, ada ya kifaa cha kuifuatilia pikipiki, wala faini ya kuchelewa.

Sasa mchukue kijana huyo huyo umpeleke kwenye Sacco inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kiwango ambacho Sacco nyingi nchini zinatoza. Kwa Sh150,000 hizo hizo na miezi 18 hiyo hiyo, riba yote haifiki Sh15,000. Tofauti ni zaidi ya Sh90,000, pesa zinazotosha nusu ya pikipiki nyingine.

Tunajua jibu la vijana: Sacco inataka uwe umeweka akiba kwanza, mara nyingi theluthi moja ya mkopo unaoutaka, na wanachama wakudhamini. Ni kweli, na inachosha. Anayeendesha pikipiki ya mwenye mali, anayempelekea tajiri hesabu kila jioni, hana subira ya kuweka akiba mwaka mzima. Lakini steji yenye vijana ishirini wanaoaminiana inaweza kuanza leo. Wengi wao tayari wanachangiana kwenye chama cha mzunguko. Chama hicho kikisajiliwa au kikijiunga na Sacco iliyopo, mchango ule ule wa kila wiki unageuka akiba inayokopesheka. Afisa wa ushirika wa kaunti ana wajibu wa kuja Mwakirunge kuwaonyesha njia. Asingoje vijana wamfuate kisiwani.

Malipo ya kila siku yana ubaya mwingine ambao mtu wa Mwakirunge anaujua kuliko yeyote aliye ofisini. Masika yakiingia, barabara ya udongo haipitiki, na siku ya mvua kubwa mwendeshaji hulala njaa. Shule zikifungwa, abiria wa asubuhi wanapungua. Akipata ajali, pikipiki huenda ikawekwa kituo cha polisi kama kielelezo kwa wiki nyingi. Deni halijali lolote kati ya hayo. Mkopeshaji anayefanya biashara Pwani miaka hii yote anajua kalenda ya mvua. Anaweza kuandika mkataba wenye malipo madogo miezi ya masika na makubwa zaidi Desemba. Asipotaka, walau aruhusu malipo ya wiki, na aandike idadi ya siku anazompa mteja kabla ya kutuma watu wake kuichukua pikipiki.

Dukani nako kuna la kusema. Mwenye duka hulipwa bei yote ya pikipiki na mkopeshaji, na mara nyingi wakala wa mkopo ameketi humo humo, meza ya pili. Kwa hiyo muuzaji si mshauri wako, hata akikuita ndugu. Uliza bei ya taslimu hata kama huna taslimu, kisha uliza kama bei ya mkopo inaanzia hapo hapo au imepandishwa. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini zilizo kwenye pikipiki na zile zilizo kwenye karatasi. Uliza kofia na makoti yanayong'aa ni yako au yameongezwa kwenye deni, kwa sababu kanuni za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zinawataka dereva na abiria wavivae. Uliza waranti inataka sevisi baada ya kilomita ngapi na ifanywe wapi, kwani ukipeleka kwa fundi wa mtaani mapema waranti inaweza kufa. Na uliza nambari za usajili zitatoka lini. Pikipiki isiyo na nambari haiwezi kufanya kazi barabarani bila kukamatwa, na si haki malipo ya kila siku yaanze kuhesabiwa wakati pikipiki imefungiwa nyumbani ikingoja bati. Siku ya kwanza ya malipo iwe baada ya nambari kutoka, na iandikwe hivyo.

Wanaofikiria pikipiki za umeme, ambazo Rais William Ruto alikuja kuzizindua hapa Mombasa Septemba 2023, waongeze swali moja: betri ni ya nani, na kituo cha kuibadilisha kilicho karibu na Mwakirunge kiko wapi?

Tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo vijana wanapoumia zaidi. Kenya ina sheria ya zamani ya Hire Purchase, Sura ya 507. Inasema kwamba mteja akishalipa theluthi mbili ya bei ya mkopo, mwenye mali hawezi kuichukua mali hiyo kwa nguvu zake. Lazima aende mahakamani. Ni kinga nzuri. Lakini mkataba ukiandikwa kama mkopo wa kawaida ambao dhamana yake ni pikipiki, unaangukia sheria nyingine, ile ya dhamana za mali inayohamishika ya mwaka wa 2017, na kinga ya theluthi mbili haimo. Rudi kwenye mfano wetu. Theluthi mbili ya Sh289,200 ni Sh192,800. Kijana aliyefika hapo ameshalipa zaidi ya bei ya dukani, lakini kwa mkataba wa aina ya pili pikipiki inaweza kuchukuliwa kwa sababu ya siku chache za mvua. Baadaye inauzwa, na yeye anaanza upya kwa dipoziti nyingine.

Tunalitaka Bunge lirekebishe hilo. Kinga ya theluthi mbili ifuate pikipiki ya kazi, bila kujali jina ambalo wakili wa kampuni ameupa mkataba. Mbunge wa Kisauni, ambaye wapiga kura wake wengi wanaishi kwa kazi hii, ana kila sababu ya kuupeleka mswada huo.

Serikali haijalala kabisa. Mapema mwaka wa 2025 Mamlaka ya Ushindani ilitangaza kuipiga kampuni ya Mogo Auto faini ya zaidi ya Sh10 milioni, baada ya wateja kulalamika kwamba hawakuelezwa ukweli kuhusu mikopo yao. Kabla ya hapo, Desemba 2024, sheria ilibadilishwa ili wakopeshaji wasiopokea amana za umma, wakiwemo wanaokopesha vyombo kama pikipiki, wawe chini ya Benki Kuu. Huo ndio msingi uliokosekana kwa miaka mingi. Benki Kuu sasa iutumie. Iamuru kila mkopeshaji wa pikipiki atoe karatasi moja, kwa Kiswahili, yenye bei ya taslimu, dipoziti, ada zote, jumla ya malipo hadi siku ya mwisho, na kiasi cha kulipa mteja akitaka kumaliza mapema. Ipige marufuku deni la mwendesha boda kufungamanishwa na dola. Kijana anayelipwa kwa shilingi za abiria wa Utange asibebeshwe kupanda na kushuka kwa sarafu ya Marekani.

Kuhusu wanaokuja kuchukua pikipiki njiani: mpiga mnada halali ana leseni na kitambulisho, na hana ruhusa ya kumpiga mtu wala kumwacha abiria gizani. Polisi wa Kisauni wawatendee wanaofanya hivyo kama wanavyowatendea wezi wa pikipiki. Mwendeshaji naye asikimbie wala asifiche chombo. Aende ofisini kabla ya deni kupita, aombe mpango mpya wa malipo, na adai nakala yake. Risiti zote za M-Pesa azihifadhi, maana kwa wengi ndio ushahidi pekee wa walicholipa.

Katiba, kifungu cha 46, inampa kila mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike na anachonunua. Haki hiyo haihitaji kungoja Benki Kuu wala Bunge. Kijana wa Mwakirunge anaweza kuidai kesho asubuhi, mbele ya wakala, kwa sentensi moja: niandikie jumla yote nitakayolipa, uweke sahihi na muhuri. Akiandikiwa, aende nayo nyumbani, aipigie hesabu na wenzake wa steji, alale nayo usiku mmoja. Akikataliwa, arudi na dipoziti yake. Duka linaloogopa kuandika bei ya kitu linachouza halistahili pesa za watu wa Mwakirunge.