Aliyeteleza Dukani Si Mzembe

Mama anateleza kwenye mafuta ya kupikia yaliyomwagika katika supamaketi ya Nairobi na kuvunjika nyonga. Hata hajainuliwa, wateja wameshamhukumu: "Angeangalia anapokanyaga." Wapole kidogo wanasema ni mapenzi ya Mungu. Meneja anampa pole na soda, anamlipia teksi, basi.

Mimi sikubali. Mungu hakumwaga mafuta yale. Yalimwagika, yakakaa, wahudumu wakapita na asitumwe hata mmoja kuleta mopu. Kisha binti wa mama huyo anaacha kazi ili amuuguze, na jamaa wanachangishana kwenye WhatsApp kulipa bili ya upasuaji. Tunawaita wanaodai fidia wenye tamaa, huku familia ikibeba gharama ya uzembe wa duka.

Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa wenye majengo, Sura ya 34, haisemi wanavyosema wateja. Anayesimamia mahali watu wanapoingia lazima achukue tahadhari zinazofaa ili wageni wake wawe salama, na atarajie kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Kibao cha onyo peke yake hakimwondolei lawama, ila kama kilitosha kumwezesha mgeni kuwa salama. Kibao kilichofichwa nyuma ya magunia ya unga kinamsaidia nani?

"Lakini alikuwa akitazama simu!" Tuseme ni kweli. Mahakama hugawa lawama. Ikiona amechangia asilimia 30, fidia inapunguzwa kwa kiasi hicho, haifutwi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba imani hii, kwamba aliyeanguka ndiye mwenye kosa, inapoteza ushahidi. Mtu aliyetiwa aibu huinuka upesi, akajipangusa na kwenda zake, na muda si mrefu sakafu imepigwa deki. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa aliyeanguka. Kuanguka tu hakutoshi. Lazima aonyeshe kwamba hatari ilikuwepo na kwamba duka lilijua, au lilipaswa kujua, likaiacha. Kwa hiyo piga picha pale pale, au mwombe aliye karibu akupigie. Chukua namba za simu za walioona. Dai tukio liandikwe. Tunza risiti zote za hospitali na dawa, maana gharama isiyo na uthibitisho hailipwi. Na karatasi unayoletewa utie sahihi ungali na maumivu, iache.

Una miaka 3 ya kufungua kesi. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inapokea madai ya majeraha, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na mdai anaruhusiwa kujiwakilisha bila wakili. Anayekuambia kesi ya kuteleza ni ya matajiri hajaisoma sheria hiyo.