Konda wa Angani

Jumamosi iliyopita tulikuwa Kibaha kwa kaka yangu, kwenye ubarikio wa bintiye mdogo. Pilau ilikuwa haijaisha mezani mzee mmoja wa upande wa wifi aliposhika kipaza sauti kutoa nasaha. Alianza na Maandiko, akaja kwenye elimu, mwisho akamgeukia mtoto mkubwa wa kaka, aliyerudi miaka miwili iliyopita kutoka chuo cha urubani Afrika Kusini. "Hatukuuza shamba," mzee akasema, "ili kijana wetu akawe konda wa angani." Vigelegele vikapigwa. Kaka yangu alipiga makofi kuliko wote. Mimi niliinuka nikatoka nje, maana ningebaki pale ningeharibu shughuli ya mtoto wa watu.

Konda wa angani ndilo jina walilopachikwa marubani wa ndege ndogo, zile Cessna Caravan za injini moja zinazopeleka watu Mafia, Pemba, Manyara na Serengeti. Wanaitwa hivyo kwa sababu abiria wanawaona wakipanga mabegi, wakihesabu vichwa na kufunga mlango kwa mikono yao. Rubani wa kweli, kwa imani hii, anaanza na ndege unayoipanda kwa ngazi, katika shirika ambalo bibi kijijini amelisikia redioni. Nyingine zote ni aibu ya familia.

Nilifanya kazi miaka 17 kwenye kaunta ya ndege ndogo, jengo la kwanza la uwanja wa Dar es Salaam. Nimewapokea vijana hawa wakiwa na sare mpya ambayo haijakunjika, mikono inatetemeka, nikawaaga baada ya miaka mitatu wakiwa watu wengine kabisa. Kwa hiyo imani hii inanikera kuliko ninavyoweza kuwaeleza wageni wa kaka yangu.

Miaka miwili iliyopita kijana wetu alipata nafasi Arusha, nafasi ya kurusha Caravan. Baba yake akakataa. Tangu hapo anakaa sebuleni Kibaha akisubiri simu ya shirika kubwa. "Shangazi, wamesema watapiga," ananiambia kila nikienda. Wakati huo leseni haisubiri. Cheti cha afya kinahuishwa kila mwaka kwa fedha, kibali cha kuruka kwa vyombo kinahuishwa kwa fedha, na mikono inasahau bure, bila kulipwa chochote. Alimaliza chuo na saa zipatazo 200. Leo ana saa zile zile 200.

Leseni ya juu, ile inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inadai saa 1,500. Ila mimi sizungumzii kuhesabu saa. Nazungumzia kuamua. Kazi ya kwanza ya rubani ni mahali pa kujifunza kuamua, na mtu hajifunzi kuamua kwa kumtazama mwingine akiamua.

Hebu tumfuate kijana wa Caravan asubuhi moja ya Agosti. Yuko uwanja wa Arusha, zaidi ya futi 4,500 kutoka usawa wa bahari, na Mlima Meru umejifunika mawingu hadi kiunoni. Nani anaamua kama mwanya ule unatosha kupita au abiria wakae wanywe chai kwanza? Yeye. Anafika Manyara, kiwanja kilichokaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ardhi inakatika ghafla mbele yake na upepo una tabia zake. Nani anaamua atue au azunguke tena? Yeye. Seronera saa saba mchana, zaidi ya futi 5,000, jua limewaka na hewa imekuwa nyepesi, ndege inataka njia ndefu zaidi ili inyanyuke. Watalii wawili wamekuja na masanduku magumu, na kipimo walichoambiwa tangu mwanzo ni kilo 15 kwa mtu, tena kwenye begi laini. Nani anawaambia sanduku moja linabaki? Yeye, mwenye miaka 24, mbele ya mtu mzima anayefoka kwa sababu amelipa dola. Kogatende nyumbu wamesimama katikati ya kiwanja. Atapita chini kuwafukuza, apande, ageuke, atazame upya, halafu aamue tena.

Mweke sasa kijana yule yule kwenye kiti cha kulia cha jeti, tepe begani, picha imeshatumwa kwenye kundi la ukoo. Mafuta anaamua kapteni. Kugeuza safari anaamua kapteni. Kusubiri mvua ipite anaamua kapteni, na ndivyo inavyotakiwa kuwa, maana nyuma kuna watu 132 kwenye A220 na 262 kwenye Dreamliner. Kijana anasoma orodha, anaongea na mnara, anatazama otopailoti ikifanya kazi. Sheria za urubani zinadai rubani awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90. Kwenye safari ndefu za usiku wapo wanaohesabu siku hizo kwa wasiwasi. Yule mnayemwita konda ameshatua mara tatu kabla ya saa tano asubuhi.

Niliyasema haya palepale nje, chini ya mwembe, kwa shemeji mmoja aliyenifuata. Jibu lake? "Lakini abiria hawawezi kumheshimu rubani anayebeba mabegi." Mtu mzima, mhitimu wa chuo kikuu, hiyo ndiyo hoja aliyokuwa nayo! Rubani anayeinua begi kwa mkono wake anaujua uzito wake, na anajua ameliweka mbele au nyuma. Ndege inapaa kwa uzito uliopangwa vizuri, haipai kwa heshima ya shemeji. Nimewaona vijana wakiligomea begi ambalo mezani kwangu lilikuwa limeshapita, kwa sababu mkono uliwaambia mizani imekosea. Niliwashukuru wakati ule na ninawashukuru leo.

Tena wanasema shirika kubwa ni usalama wa maisha. Usalama upi? Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikuwa fahari ya nchi tatu, likafa 1977. Uganda Airlines ya kwanza ikafungwa 2001. Kenya, Jetlink ilisimamisha safari Novemba 2012, na mwezi huo huo Fastjet ikaanza kuruka hapa kwetu kwa shangwe. Mwishoni mwa 2018 haikuwa inaruka tena. Machi 2019 ndege zote za 737 MAX duniani zilikatazwa kuruka, na zilikaa chini hadi mwisho wa mwaka uliofuata. Baadaye A220 zikaanza kuegeshwa kwa matatizo ya injini, za kwetu zikiwamo. Kijana anayejua aina moja tu ya ndege, akiwa hajawahi kuwa mkuu wa chombo chochote, siku hizo anakwenda kuomba kazi wapi? Na anawaonyesha nini?

Ugonjwa huu umeenea kuliko urubani. Daktari kijana akipangiwa Kigoma familia inatafuta mtu wizarani wa kumrudisha Dar. Mwalimu akipelekwa Tunduru mama anafunga na kuomba ahamishwe. Na fundi wa ndege, anayelala chini ya bawa saa nane usiku ili nyie mruke saa kumi na mbili, sijawahi kualikwa sherehe ya kumpongeza hata mara moja. Hana tepe, kwa hiyo hana michango.

Lililonifanya niandike wiki hii hasa ni alilonieleza kaka yangu jioni ile, wageni wakiwa wametawanyika. Amechoka kusubiri simu. Anataka kuuza kiwanja kilichobaki, kile cha nyuma ya nyumba, ampeleke kijana nje akasomee Boeing 737 kwa fedha yetu wenyewe, bila shirika lolote lililomwahidi kazi. Mafunzo ya aina moja ya ndege, kwa mtu ambaye hajakamata usukani miezi ishirini na minne. Akirudi atakuwa na karatasi ya 737, saa zile zile 200 na nyongeza ya simuleta, na atashindana na wenzake waliokwenda Arusha mwaka ule ule, ambao sasa wana saa zaidi ya elfu moja na wengi wao ni makapteni wa Caravan.

Nimewasiliana na niliofanya nao kazi. Kuna kampuni Zanzibar inatafuta marubani wawili kabla ya msimu. Mshahara wa mwanzo ni mdogo, nyumba ni ya kuchangia, na mabegi ni mengi. Kijana nimeshamwambia. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, baba atakubali?"

Kaka, najua unasoma gazeti hili kila Jumapili ukitoka ibadani. Usikiuze kile kiwanja. Mwache mtoto apande boti Jumanne, mimi nitampokea bandarini.