Tusimwache Mtu Ateseke Peke Yake



Jumapili hii, katika kanisa lako, kutakuwa na mtu wa benchi la nyuma. Ataimba pamoja nanyi, atatoa sadaka, kisha ataondoka kabla watu hawajaanza kusalimiana pale nje. Huenda ni mama aliyezika mtoto, na tangu turubai likunjwe na viti virudishwe hakuna tena anayebisha hodi kwake. Huenda ni kijana aliyepokea majibu ya hospitali ambayo hajathubutu kumwambia hata mama yake. Huenda ni baba aliyepoteza kazi, na kodi ya nyumba inakaribia. Nawaandikia kwa ajili yao, na ombi langu ni moja: tusimwache mtu ateseke peke yake.

Tunapenda kufundisha kwamba mateso humkomaza Mkristo. Mtume Paulo aliwafundisha hivyo Warumi, akiwaonyesha njia inayoanzia kwenye dhiki, ikapitia kwenye saburi, hadi ikafika kwenye tumaini. Ila Paulo aliliandikia kanisa zima, watu waliojuana kwa majina na kula pamoja. Maumivu yenyewe hayana wema. Wengine yamewajaza uchungu, wengine yamewavunja wasiinuke tena. Mtu hukua ndani ya dhiki anapobebwa, na Mungu anapotaka kumbeba mtu, mara nyingi humtuma jirani yake.

Bwana wetu mwenyewe hakuona aibu kuhitaji wenzake. Usiku ule wa Gethsemane aliwachukua Petro, Yakobo na Yohana, akawaambia wazi jinsi moyo wake ulivyolemewa, akawaomba wakeshe naye. Hakuwataka wamfafanulie sababu ya mateso yake. Aliwataka wawepo. Nao wakalala. Ikiwa Yesu aliomba mtu wa kukesha naye, nani kati yetu atamwambia mgonjwa au mfiwa kwamba mwenye imani ya kweli hamhitaji mtu?

Mkumbukeni Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa Anglikana la Uganda. Mwaka 1991 alifiwa na mkewe, na baadaye akaja kujua kwamba kilichomchukua ni Ukimwi. Akapima, naye akakutwa na virusi. Siku hizo dawa za kufubaza virusi tunazozijua leo hazikuwepo, na kwenye mimbari nyingi ugonjwa huo uliitwa fimbo ya Mungu kwa wazinzi. Mwaka 1992 akaitangaza hali yake hadharani, na anahesabiwa kuwa kiongozi wa dini wa kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Aibu ingeweza kummaliza kabla ya ugonjwa. Lakini alibaki katika huduma, akapewa nafasi ya kuhudumu katika kazi ya Ukimwi, na sauti yake ikawafungulia wengine vinywa. Baadaye yeye na wenzake walianzisha mtandao wa viongozi wa dini wa Afrika wanaoishi na virusi au walioguswa navyo, ili padri, mchungaji au shehe asijifiche na jibu lake gizani. Virusi havikuwa baraka. Baraka ni watu waliompokea, na watu ambao yeye naye aliwapokea.

Burundi nako, Oktoba 1993, siku chache baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, Marguerite Barankitse aliwaficha watu katika nyumba ya askofu mjini Ruyigi. Wauaji walikuwa Watutsi kama yeye. Wengi aliowaficha walikuwa Wahutu. Wakamfunga, wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Yeye akawakusanya watoto waliosalimika, akawalea Wahutu na Watutsi chini ya paa moja, na kituo alichokianzisha, Maison Shalom, kikaja kuwahudumia maelfu ya watoto. Mtu asije akasema kwamba mauaji yale yalikuwa mema kwa kuwa yalizaa kazi njema. Wale 72 hawakurudi. Tunachoweza kusema kwa imani ni kwamba Mungu hakukubali uovu ule uwe neno la mwisho, naye alipata mikono ya kulisema neno lake.

Basi kwa nini sisi tunashindwa hata na machache? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kanda la usufi, na sisi tunauona mwepesi kwa sababu tunauangalia kwa mbali. Tunafika msibani tukiwa na majibu tayari: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze, usilie sana. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno; walikosea walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Wanafunzi nao walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni dhambi ya nani. Yesu alilikataa swali hilo, akamhudumia yule mtu.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, tufanye haya.

Jumuiya na vikundi vya sala viweke zamu ya kuwatembelea wafiwa matanga yakishaanuliwa: mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, na siku ya kumbukumbu ya marehemu. Siku hizo ndizo nyumba inapokuwa kimya.

Tutunze siri. Ombi la maombi lisifike sokoni kabla halijafika kwa Mungu. Umbeya ndio unaowafanya wengi wafe na maneno moyoni.

Tumsindikize mgonjwa hospitali, tukae naye kwenye foleni, tumsaidie nauli na dawa. Asiwepo mhubiri wala mwombaji wa kumwambia aache dawa ili aonyeshe imani. Mungu anayesikia sala ndiye aliyewapa madaktari maarifa yao.

Wachungaji, mapadri na wainjilisti, tuwaruhusu watu kulia kanisani. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila shangwe yoyote mwishoni, na bado imo katika Maandiko Matakatifu. Anayemlilia Mungu bado anasema naye, hajaikana imani.

Na wewe unayeteseka, mpendwa wangu, sikwambii furahi. Nakuomba umwambie mtu mmoja. Mchague mwenye moyo wa kusikiliza na kinywa cha kutunza siri, umwambie ukweli wote kama ulivyo. Usingoje upone ndipo urudi kwa watu. Hata Bwana alipofufuka, makovu ya misumari yalikuwepo, na ni hayo Tomaso aliyoalikwa kuyagusa. Siku moja kovu lako nalo litamtia moyo mwingine. Siku hiyo usiiharakishe, ila usiache kuiamini.

Kabla ya Jumapili ijayo, kila mmoja wetu ataje mbele za Mungu jina la mtu mmoja aliyeelemewa, kisha aende kwake. Ukikosa la kusema, keti naye. Ukikosa cha kutoa, chota maji, pika uji, shika mtoto. Tumaini la Kikristo limekabidhiwa mikononi mwetu. Tulipeleke.