Kilio cha Mlangoni Kiandikwe

Mtoto wa miaka mitatu ametolewa mafindofindo salama. Ghafla anafumbua macho, anapiga mayowe, anarusha miguu na kuivuta kanula. Mama anamwita, mtoto anamkodolea macho kama hamjui. Bibi yake pale mlangoni ameshaanza kutaja mashetani.

Muuguzi huangalia kwanza oksijeni, sukari na maumivu. Vyote vikiwa sawa, huko ni kuweweseka baada ya nusukaputi, jambo ambalo Eckenhoff na wenzake walilieleza tangu 1961. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 6, hasa waliopasuliwa koo, masikio au macho, na waliovutishwa sevofluraini, gesi inayotoka mwilini upesi. Maumivu huchochea, lakini si kisa chote: hata watoto waliolazwa usingizi kwa picha ya MRI tu, bila kuguswa na kisu, wameamka hivyo. Mara nyingi hali hupita yenyewe ndani ya nusu saa, muda unaotosha kabisa kung'oa kanula au kufumua mshono.

Kipimo cha PAED, kilichotolewa na Sikich na Lerman mwaka 2004, humkagua mtoto aliyekwisha kuamka: anamtazama mtu machoni? Anajua alipo? Anabembelezeka? Ni kizuri, ila hufika zogo likiwa limeanza. Mwaka 2017, Hino na wenzake huko Japani walitunga kipimo cha kubashiri chenye mambo manne: umri, tabia ya mtoto wakati wa kulazwa usingizi, aina ya upasuaji na muda wa usingizi. Hakihitaji damu wala mashine.

Hapo ndipo lilipo dai la makala haya. Mtoto anayeingia chumba cha upasuaji akilia, akishikwa na watu wawili huku barakoa ikibanwa usoni, ametoa taarifa ya kitabibu, na taarifa hiyo haistahili kuishia mlangoni. Iandikwe kwenye faili, imfikie muuguzi wa chumba cha kuamkia, na mama aitwe mapema.

Wapo watakaouliza kwa nini kila mtoto asipewe propofoli kidogo mwishoni, au deksmedetomidini, yaishe. Dawa hizo husaidia kweli, lakini zinaweza kurefusha usingizi. Afrika Mashariki, ambako sevofluraini inachukua nafasi ya halotheni, muuguzi mmoja anaweza kuwa na vitanda kadhaa vya kuangalia. Kumlaza zaidi mtoto ambaye angeamka kwa utulivu ni kumnyima mwingine kitanda. Kinga iende kwa wenye alama za juu kwenye kipimo cha kubashiri.