Pimeni Gari Kabla ya Kumwita Dereva Mwizi

Naomba nafasi katika karatasi yetu niseme neno juu ya petroli na juu ya madereva. Wenzangu wa karakana watashangaa, maana mimi si dereva bali ni mkaguzi wa mabehewa, na vyombo vyangu ni nyundo na taa. Lakini jambo hili limenipata nyumbani kwangu Kitengela, nami ndiye niliyekosa. Na kwa kuwa naona kosa lile lile likitendwa makazini juu ya madereva wenzetu, si vizuri ninyamaze.

Nilinunua motokaa ndogo ya mizigo kwa mkopo wa chama cha akiba, nikitaka ipate kazi wakati mimi niko zamu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana mwenye leseni na adabu, akaichukua. Kila siku isipokuwa Jumapili alipakia mboga na vitu vya duka hapa Kitengela, akapita Isinya, akashusha Kajiado, akarudi. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 100. Mwanzoni lita 7 na kidogo zilitosha safari nzima. Baada ya miezi kadhaa zikawa 11.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2023, na kila mwenye chombo aukumbuka. Mwezi wa Julai kodi ya VAT juu ya petroli ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Oktoba bei ya juu iliyotangazwa na mamlaka ya EPRA kwa mji wa Nairobi ilikuwa shilingi 217 na senti 36 kwa lita. Lita 4 zikipotea kila siku ni shilingi 870 kasoro kidogo. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya shilingi 22,000, na mkopo haungoji.

Nilifanya nini? Nilifanya kama wafanyavyo matajiri tunaowalalamikia kila mkutano. Sikufungua boneti. Nilimwita kijana usiku, mbele ya dada yake, nikamwambia kwamba petroli yangu inauzwa njiani kwa mitungi. Akanijibu kwa upole, “Shemeji, gari ni zito. Hata ukiachia mguu halitembei, linasimama.” Nikamwambia aniletee petroli, asiniletee hadithi. Nikamkata fedha mwezi wa kwanza, nikamkata mwezi wa pili. Mwezi wa tatu aliweka ufunguo juu ya meza, akarudi kwao. Mke wangu alikaa siku nyingi akinijibu “ndiyo” na “hapana” tu.

“Linasimama.” Neno lile mkaguzi wa mabehewa alipaswa kulisikia. Kwetu behewa moja likishika breki katikati ya treni ndefu, dereva wa mbele huona tu kwamba injini yavuta kwa taabu na mafuta yaenda. Wala hakuna mwizi. Ni chuma kinachosugua chuma, na joto lake ndilo mafuta yaliyopotea. Ndiyo sababu treni ikisimama tunatembea kando yake tukisogeza mkono karibu na magurudumu na maboksi ya ekseli, kutafuta lenye moto. Kazi hiyo nimeifanya miaka, kisha nikarudi nyumbani nikamshitaki mtoto wa watu.

Kijana alipoondoka, nikachukua wiki mbili za likizo nikaendesha mwenyewe. Nilinunua daftari la shilingi chache. Katika shule ya misheni niliyosoma tulipigwa sana kwa ajili ya kugawanya, na hesabu hii yataka kugawanya tu. Unajaza tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, huongezi hata tone. Unaandika namba ya mita. Unaendesha mpaka tangi lishuke chini ya nusu, unarudi kituo kile kile na pampu ile ile, unajaza mpaka ijikate tena. Lita ulizojaza ndizo ulizotumia, basi gawanya kilomita kwa lita. Mara moja haitoshi, maana gari laweza kusimama pameinama kidogo na tangi likadanganya. Fanya mara tatu, uchukue wastani.

Nilipata kilomita 9 kwa lita. Hapakuwa na shemeji ndani ya gari, hapakuwa na mtungi, na usiku lilikuwa limefungiwa uani kwangu. Ama mimi nilikuwa mwizi wa petroli yangu mwenyewe, ama gari ndilo lililokuwa likila.

Nakiri kwamba hata hapo moyo ulikataa, nikaanza kushuku kituo cha petroli. Twajua kwamba zamani wengine walichanganya petroli na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa rahisi. Hata sheria ya fedha ya mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchanganyo huo. Nikabadili kituo, nikapima upya. Ikawa 9 vile vile.

Siku ya saba nilitoka Kajiado bila kukanyaga breki sana, nikasimama Isinya, nikafanya kama nifanyavyo kazini. Nilisogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Matatu yalikuwa na joto la kawaida. La nyuma kushoto lilikuwa kama jiko. Nikatafuta mahali tambarare, nikaliacha gari litembee bila giya. Likasimama kama punda aliyekataa mzigo. Nyumbani nililipiga jeki, na gurudumu lile sikuweza kulizungusha kwa mkono mmoja. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshika kutu na vumbi ndani ya mfuko wake, kwa hiyo viatu vya breki vilikuwa vimeegemea dramu mchana kutwa. Kwa kubadili waya na kusafisha dramu tulifika kilomita 11. Yaani kijana alisema kweli neno kwa neno, na mimi nilimkata fedha kwa kusema kweli.

Kilomita 11 si 14. Palibaki kitu, na kitu hicho chanihusu mimi zaidi.

Miezi kadhaa kabla ya hapo gari lilikuwa limechemka njiani. Fundi mmoja alitoa thamostati akaitupa, akasema kidude hiki ni cha nchi za baridi, sisi huku hatukihitaji. Nami nikakubali nikamlipa. Nimeuliza tangu wakati ule, na ni wengi waliofanyiwa hivyo. Sasa sikilizeni kazi ya kidude hicho. Ni mlango mdogo katika njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, maji yasiende kwenye rejeta, ili injini ipate joto upesi. Maji yakipita nyuzi 80 na kitu mlango hufunguka wenyewe. Ukiutoa, maji hupita kwenye rejeta wakati wote. Wanaojua baridi ya Julai katika mbuga za Athi alfajiri wanajua upepo ule; injini hutembea kutoka Kitengela hadi Isinya isipate joto lake. Na magari ya siku hizi yana kompyuta. Kompyuta ikiona maji hayajapata moto hudhani injini ndiyo kwanza inaamka, basi huongeza petroli, kama wazee walivyokuwa wakivuta choki. Tofauti ni kwamba wazee walikumbuka kuirudisha.

Fundi mwingine aliunganisha mashine ya kusoma kompyuta, tukaendesha. Maji hayakupita nyuzi 65 safari nzima. Tulirudisha thamostati mpya, na tukabadili kifuniko cha rejeta, kwa maana kumbe kilichofanya gari lichemke tangu mwanzo ni kifuniko kilichovuja. Thamostati ilitupwa bure. Daftari likaandika 13.

Mengine yalikuwa madogo. Upepo wa tairi ulikuwa umetiwa kwa kukadiria kwa macho, ingawa kipimo chake kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Juu palikuwa na keria tupu niliyoifunga mwenyewe kwa fahari, ikisukumana na hewa kwenda na kurudi. Na barabara ile ni nyofu, mguu hushuka wenyewe. Lakini nguvu ya hewa inayolikinza gari huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo mwenye kwenda kilomita 110 kwa saa hupambana na hewa karibu mara mbili ya mwenye kwenda 80. Kichungi cha hewa nilikibadili kwanza kabisa kwa sababu ya vumbi la Kajiado, na hakikunipa kitu. Baadaye nilisoma kwamba majaribio yaliyofanywa Marekani mwaka 2009 yalionyesha hivyo hivyo: katika magari yenye kompyuta, kichungi kichafu hupunguza nguvu ya kupanda kuliko kuongeza petroli. Kibadilini kwa ajili ya kulinda injini, wala msitazamie fedha kurudi. Na wale wanaouza vidonge vya kutia tangini na vyuma vya sumaku vya kufunga kwenye mpira wa petroli, waacheni wavitumie wenyewe.

Sasa nasema lile lililonifanya nichukue kalamu.

Wako wanachama na jamaa zetu wanaoendesha magari ya watu, malori ya mawe, magari ya maziwa, magari ya ofisi. Mwisho wa mwezi karani hutazama risiti, huona petroli imezidi, na dereva hukatwa. Gari halikutazamwa. Mimi sisemi kwamba hakuna wezi wa petroli. Wapo, na wanatuharibia jina. Lakini wizi na ubovu havifanani katika daftari. Ubovu hula kila siku kwa kipimo kimoja, hata akiendesha askofu. Wizi huja kwa kuruka: leo 14, kesho 14, keshokutwa 8, kisha 14 tena. Tajiri asiyekuwa na daftari hawezi kutofautisha, na asiyeweza kutofautisha hana haki ya kukata.

Sheria yenyewe haimpi ruhusa ya bure. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Kutu katika waya wa breki si kosa la makusudi la dereva. Na kifungu cha 41 chataka kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, tajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanya kazi aweza kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale kazini wakati wa maelezo hayo. Mwakilishi akiingia katika chumba kile mikono mitupu atasema maneno tu. Akiingia na daftari atasema namba.

Kwa hiyo rai yangu kwa kamati ya tawi ni kwamba tudai daftari katika kila gari, liandikwe na dereva na kutiwa sahihi na msimamizi kila tangi linapojazwa. Petroli ikizidi, gari lijazwe mbele ya wote wawili, liendeshwe njia yake ya kila siku na mtu mwingine, mwakilishi wetu akiwa ndani, kisha lijazwe tena. Ni kazi ya siku moja. Mpaka hapo mshahara usiguswe. Watakaosema hili ni gumu, nawaambia nimelifanya peke yangu katika likizo, na elimu yangu mnaijua.

Nanyi madereva, gari likiwa zito semeni, na mkishasema andikeni tarehe. Shemeji yangu alisema lakini hakuandika, na mimi nilikuwa tajiri mwenye masikio ya tajiri.

Nilimfuata kwao na fedha zake za miezi miwili, na lile daftari. Fedha alizitia mfukoni bila kuzihesabu. Daftari alilipekua ukurasa kwa ukurasa, akafika pale penye waya wa breki, akacheka kidogo, akasema, “Nilikuambia ni zito.” Nilimwomba arudi. Akasema amepata gari jingine la kuendesha, huko hawampigii kelele. Mama mkwe alitupikia, tukala, nikarudi Kitengela peke yangu.

Sasa gari laendeshwa na kijana mwingine, na daftari likae chini ya kiti chake. Ukurasa mmoja nimeupiga nakala nikampa katibu wa tawi. Mwenye kutaka kuona mistari ilivyochorwa na amwulize yeye.

Mkaguzi wa Mabehewa,
Kitengela